Sponji

Mafuriko madogo hayatangazwi redioni.
Hayana idadi ya waliofariki, hayana kiongozi
aliyevaa buti za mpira akitoa pole.
Yalikuja saa tisa usiku, hapa Igogo, kwa mlango wa uani,
yameshuka kati ya mawe bila kuuliza njia,
yakaburuta ndani kandambili moja ya kushoto,
magamba ya sato wa jirani
na kibao cha CHUMBA KINAPANGISHWA.
Yakapanda hadi kifundo cha mguu, yakatosheka.
Alfajiri yalikwisha kuondoka,

yote, isipokuwa yaliyonywewa na zulia.

Zulia la kijani, ukuta kwa ukuta,
la zamu yangu ya upatu, mwaka ule nilipokataa friji.
Chini yake sponji, nene kama boflo.
Fundi Mafuru aliniambia siku ile:
Mama, utakuwa unakanyaga wingu.
Basi leo nimekanyaga wingu,
na wingu limefanya kazi yake.

Masalu anasema litakauka.
Amefungua madirisha, amewasha feni,
amekaa mbele yake kama anamuuguza mtu.
Mume wangu anaamini vitu hukauka
kama anavyoamini madeni husahaulika.
Siku ya kwanza tulifyonza kwa matambara, kwa taulo,
kwa kanga ambayo methali yake haisomeki tena.
Siku ya pili juu palikuwa pakavu.
Akapapasa kwa kiganja: Unaona?
Mimi nikaweka kisigino, nikakiegemea.
Maji yakapanda kati ya vidole, vuguvugu,
yananuka gunia la dagaa lililosahauliwa.
Ziwa liko kule chini, ng'ambo ya reli.
Sisi tulikuwa na letu, chini ya kochi.

Siku ya tatu nikachukua kisu cha jikoni.
Sikugombana. Nilianzia kona ya kabati.

Zulia lililolowa halibebwi na mtu mmoja.
Nikamwita Nyamizi wa chumba cha pili, na mwanawe Bundala,
tukalikunja, tukaliweka begani,
na watu uchochoroni wakatupisha, wengine wakavua kofia.
Tukalitandaza juu ya jiwe nyuma ya choo,
jiwe lile lile tunalolilaani kila siku
kwa kutunyima uwanja.
Jiwe la Mwanza likishika jua
halikuachii hadi saa mbili usiku.
Saa sita tukaligeuza, kama chapati.

Sponji ilikataa.
Ilimeguka mikononi, ikatuachia umanjano kwenye kucha.
Nyamizi akaikamua, ikatoa. Akaikamua tena, ikatoa.
"Hii haina mwisho," akasema. "Tupa."
Masalu akainua kichwa: Ile ya elfu themanini?
Ile ile.

Chini yake, sakafu.
Saruji ya kijivu, na ufa mwembamba
niliokuwa nimesahau unaelekea wapi.
Na karibu na mlango, kwa penseli nene ya useremala,
hesabu ya Mafuru: kumi na mbili mara kumi na nne,
jibu limekosewa, limekatwa, limeandikwa upya.
Halafu, chini ya jibu, kwa herufi za mtu aliyechoka:
*Masalu bado 35,000. Nitarudi Jumamosi.*

Fedha ile nilimpa Masalu yote, mkononi, nikiihesabu.

Miaka sita tumekaa juu ya maneno hayo.
Tumepokea wageni, tumekunywa chai,
tumesali.

Masalu aliyasoma akiwa amesimama.
Akazima feni.
Akachukua tambara, akapiga magoti, akaanza kusugua,
na yale maandishi, yaliyostahimili maji usiku kucha,
yakamtazama tu.
"Acha," nikamwambia. "Patakauka."

Jioni zulia lilirudi ndani,
jembamba, lina joto la jiwe, limepungua upande mmoja.
Sasa mguu unajua ulipo.
Kona ya mlangoni nimeikunja kidogo, haijafunikwa.
Leo ni Alhamisi.